Nyumba ya Anti Ilivyopanda Ngazi

Hii utasema natunga, lakini skiza kwanza. Mimi nimeona nyumba ikipanda ngazi. Sio kwa ndoto, sio zile vidio za kutengenezwa na kompyuta. Nyumba nzima, mlango, dirisha mbili na kalenda ya kanisa ukutani, ilitoka chini ikaenda juu, mchana, watu wakiona, hapa hapa Makutano, Meru. Ukibisha niko na picha elfu nne kwa simu. Na hizo picha ndizo ziliokoa hiyo nyumba, lakini wacha nisiruke, maana kuruka ndio ugonjwa wangu.

Naitwa Mwendwa. Tangu nimalize fomu foo naishi na Anti yangu Ntinyari, dada ya mamangu. Anti anauza uji, githeri na chapati kando ya steji. Saa kumi na moja asubuhi sufuria iko motoni, saa kumi na mbili madereva wa malori wamejaa kwa benchi wanagonga vikombe. Kwa hivyo lazima aishi karibu. Akihamia mbali, uji unafika umepoa, na dereva hangoji uji upashwe, anavuka barabara anaenda kwa mwingine. Hiyo kitu iweke kwa akili, ndio shida yote ilitoka hapo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao. Vyumba viwili, kajiko kadogo, mabati juu. Anti aliijenga mwenyewe miaka kumi na moja imepita, kwa pesa ya uji, leo mbao tatu, kesho misumari. Lakini ploti haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Kailemia, aliyekaa nyumba ya mbele, na walikuwa wamekubaliana hivi: jenga yako, unilipe kodi ya mchanga kila mwezi. Nyumba ni yako, udongo ni wa mwenyewe. Watu wengi walikaa hivyo zamani.

Mzee Kailemia si mtu mbaya. Ugonjwa wake yeye ni masharti. Aliyaandika na rangi nyekundu kwa kipande cha bati akakipigilia kwa geti: HAKUNA KELELE BAADA YA SAA TATU. HAKUNA WAGENI WA KULALA. MAJI NI JUMATATU NA ALHAMISI. HAKUNA KUFUGA MNYAMA. Na hapo kwa mnyama, yeye mwenyewe alikuwa na mbuzi wa maziwa anaitwa Marcella. Usiniulize kwa nini Marcella. Ukimuuliza anakwambia, "Huyo si mnyama, huyo ni Marcella."

Sasa Jumapili moja mwezi wa kumi na moja tumetoka kanisa, tukamkuta Mzee amekaa kwa mlango wetu, kofia mkononi. Mimi nikawasha simu, maana Mzee hakai kwa mlango ya watu bure.

"Ntinyari," akasema, "vijana wangu wamechukua mkopo."

"Pole," Anti akasema.

"Si wa pole, ni wa kujenga. Flati. Gorofa nne hapa."

"Basi hongera. Na sisi?"

Mzee akageuza kofia upande huu, akaigeuza upande ule. "Trekta inakuja Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa gani, Mzee?"

"Hii."

Anti alicheka. Yeye akishtuka anacheka, amezaliwa hivyo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hata mimi nyumba yangu inabomolewa," Mzee akajitetea. "Naenda kukaa kwa kijana wangu Nairobi miezi nane. Na hawa watoto wameniambia juzi tu. Wewe kairitu, msichana wewe, weka hiyo simu chini, hii si harusi!"

Siku tano. Jumatatu Anti akapika uji mapema, akaacha benchi na jirani, tukaenda kutafuta nyumba.

Wueh! Kumbe miaka hiyo yote tukiwa tumelala, Makutano imepanda bei bila kutuaga. Ya kwanza ilikuwa bedsita. Kijana mwenye funguo akasema kwanza tulipe pesa ya kuona.

"Ya kuona tu?" Anti akauliza. "Na nikifunga macho?"

Tukalipa tukaona. Ukikaa kwa kitanda unaweza kukoroga ugali na mguu mmoja uko bafuni. Kodi yake mara nne ya ile ya mchanga, na deposti ya miezi miwili. Kijana akatuambia tuamue haraka, kuna wanafunzi watatu wa chuo wanaitaka wakae pamoja.

"Watatu? Wanalala aje?"

"Kwa zamu," akasema, na sikujua kama anatania.

Tukaenda mtaa wa Kaaga, kwenye shule nyingi. Huko mama mmoja mwenye geti kubwa akatuuliza swali moja tu. "Mna mtoto anasoma hizi shule za hapa?"

"Hatuna."

"Basi hapana. Mimi napangisha wazazi. Mzazi hahami mpaka mtoto amalize."

"Sasa mama, nizae leo?" Anti akamuuliza. Yule mama akacheka, lakini geti ikafungwa.

Jumanne vile vile. Nyumba ya bei yetu iko mbali, nyumba ya karibu iko juu ya uwezo. Saa tisa mvua ya Meru ikatumwagikia, ile haikuambii inakuja. Tukakimbia tukaingia duka la Amino.

Amino, watu wanamuita Mama Shueib, anauza mablanketi, pazia na vitambaa hapo hapo Makutano, kama hatua mia kutoka kwa benchi ya Anti. Chai yake ya saa nne lazima iende na chapati ya Anti, miaka yote. Duka liko chini, na juu kuna sleb tupu, sakafu ya simiti isiyo na paa. Alitaka kujenga gorofa tano, pesa ikaishia hapo, sasa juu kuna vyuma vimesimama vinaangalia mbingu.

Tulimkuta anarukaruka na ndoo. Matone yalikuwa yanatoka kwa dari, to, to, to, juu ya mablanketi mapya.

"Walahi Ntinyari, hii sleb itanimaliza!" akasema. "Imepasuka. Nimeziba na simiti, nimeziba na lami. Kila mvua nauza blanketi za kukamuliwa! Na wewe mbona uso hivyo?"

Anti akamwambia yote, trekta, Ijumaa, bedsita ya kulala kwa zamu. Akaangalia ndoo. Akaangalia dari.

"Mama Shueib. Huko juu kuna nini?"

"Vyuma na kunguru."

"Naweza kuona?"

"Kwa mvua hii?"

Anti alikuwa ameshatoka. Ngazi ya simiti iko nje, haina hata pa kushika. Akapanda na gunia kichwani la kukinga mvua, mimi nyuma nikirekodi, Amino nyuma yangu akilalamika kwa Kisomali. Huko juu Anti akaanza kutembea, mguu mbele ya mguu, kisigino kikigusa kidole, anahesabu kwa sauti. Akaenda urefu. Akarudi upana. Maji imemfika kwa kifundo na anahesabu.

"Inaenea," akasema. "Na kubaki inabaki."

"Nini inaenea?"

"Nyumba yangu. Mama Shueib, mimi niko na nyumba sina pa kuiweka. Wewe uko na pa kuweka huna paa. Mabati yangu yakikaa hapa, hiyo maji itapata wapi njia ya kuingia kwa blanketi?"

Amino akamwangalia. Akaangalia sleb. Akatoa ile cheko ya kusikika mpaka steji.

"Wewe mwanamke una wazimu! Na kodi?"

"Nitakulipa ile ya mchanga."

"Hapa mchanga uko wapi?"

"Basi kodi ya hewa."

Wakashikana mikono hapo kwa mvua. Amino akaongeza, "Na siku nikipata pesa ya kuendelea kujenga, nakwambia mwaka mzima mbele. Si siku tano kama watu wa trekta."

Jumatano asubuhi akaja fundi Mutembei, yule alijenga hiyo nyumba na Anti mara ya kwanza. Alipanda akapiga sleb na nyundo, akasema iliwekwa ibebe gorofa tano, sembuse mbao za saipras. Sasa, kuvunja nyumba ya mbao si kazi. Kazi ni kuirudisha, kila mbao na mahali pake, maana zilikatwa na msumeno wa mkono na hakuna mbili zinalingana. Mutembei akasema tusijali, yeye ana akili. Akachukua chaki akaanza kuandika nje ya kila mbao: A moja, A mbili, B moja. Chaki! Mtu amezaliwa Meru, amelowa na mvua ya Meru miaka hamsini, mwezi wa kumi na moja, anaandika na chaki.

Na hakuna mtu alishtuka. Hata mimi nilirekodi nikisema, "Oneni fundi wetu, injinia kamili."

Madereva wa uji walikuja kusaidia, kumi na mmoja. Mmoja akaleta lori ya kubeba mchanga, yeye mwenyewe ameoga kama anaenda harusi. Mpaka Alhamisi saa sita nyumba yetu ilikuwa marundo manne juu ya sleb ya Amino, kuta hapa, mabati pale, milango imelala. Ile ploti ikabaki uwanja. Usiku wa kuamkia hiyo Alhamisi tulikuwa tumelala dukani kwa Amino juu ya mablanketi, na mimi nilitamani tusihame hapo kamwe.

Alhamisi hiyo saa saba mchana mvua ikaja. Ikanyesha dakika ishirini tu. Ilipoisha Mutembei akapanda, akainua mbao ya kwanza, akaigeuza. Akainua ya pili. Akakaa chini.

"Imeenda wapi?" akasema.

"Nini?"

"Hesabu yangu."

Mbao mia moja na themanini, safi kama zimetoka dukani. Hakuna A, hakuna B. Anti akaanza kucheka na nikajua amevunjika kabisa. Fundi akasema kuzijaribu moja moja itachukua wiki mbili. Wiki mbili nje, mwezi wa kumi na moja! Mbao zitapinda, na Anti atakuwa amehama bure.

Mimi nikatoa simu, niposti tu hiyo msiba. Anti akanigeukia. "Mwendwa, hata leo? Hata leo huwezi kuweka hiyo kitu chini?"

Nikaona haya. Nikaifunga. Lakini nikiifunga nikaona picha niliyoweka kwa kioo cha simu, mimi na nywele mpya, nimeegemea ukuta wa sebule. Na nyuma yangu, magazeti.

Lazima nikueleze. Nyumba ya mbao ina baridi, upepo unapita kwa nyufa. Kwa hivyo ndani Anti alibandika magazeti na kalenda kutoka chini mpaka juu, na gundi yake ilikuwa uji mzito. Kuta zilipovunjwa, kila mbao ilienda na kipande chake cha gazeti. Nikainua mbao moja. Chini yake, upande uliolala, gazeti liko, limeshika kama ngozi.

"Hii ni uji ama simiti?" Mutembei akauliza, akilikwaruza na ukucha.

"Na watu wananiambia niupunguze unga," Anti akasema.

Nikafungua picha zote. Miaka miwili nimejipiga kwa kila ukuta wa hiyo nyumba, nimesimama, nimekaa, nimekula, nimelia. Kuna mahali hakuna? Hakuna! Tukakaa kwa mzunguko, mimi na simu, Mutembei na mbao, madereva wakitafuta kwa marundo.

"Vuta hapo karibu. Nyuma ya sikio lako kuna nini?"

"Ng'ombe. Tangazo la dawa ya kupe."

"Ng'ombe nusu ama mzima?"

"Kichwa tu!"

"Niko na matako yake hapa!" dereva akapiga kelele, na mbao mbili zikakutana.

Hivyo ndivyo tulijenga. Kalenda ya kanisa ikakamilika, mwezi wa tano ukapata tarehe zake. Ijumaa saa mbili asubuhi, kuta tatu zimesimama, zimefungwa na waya kwa vile vyuma vya Amino, tukasikia trekta huko chini ng'ambo ya barabara. Dereva wake alishuka akazunguka ploti. Akajikuna. Akauliza watu wa steji, "Niliambiwa kuna nyumba ya mbao hapa nyuma."

"Ilikuwako."

"Imeenda wapi?"

Wakamwonyesha juu. Hiyo uso yake niko nayo kwa simu. Aliposhiba kuona akapanda akatusaidia kushika bati mbili kabla arudi kazini.

Kosa moja lilibaki. Wingu lilirudi saa nane tukaharakisha ukuta wa mwisho, na Mutembei akaupigilia ndani nje. Kwa hivyo ukuta wa kuangalia barabara uko na magazeti upande wa nje, chini ya ukingo wa paa. Anti akakataa ubadilishwe. Sasa madereva wanapanda na vikombe vya uji kusoma bei ya unga ya miaka kumi na moja iliyopita, wanalia. Na katikati kuna tangazo dogo: nyumba ya kupangisha Meru mjini, vyumba viwili, elfu tatu. Dereva mmoja alipiga ile nambari.

"Imesema haipatikani," akatuambia.

"Hata nyumba yenyewe," Anti akamjibu.

Duka la Amino halikuvuja tena. Aliongeza mabati ya kufunika pembe zilizobaki, akaweka mfereji wa mvua na tangi. Sisi tuko na maji kila siku, na asubuhi kukiwa wazi mlima unaonekana mpaka barafu yake. Uji unafika benchi ukitoa moshi. Na ningekuwa mtu wa kumaliza vizuri, ningemaliza hapo.

Lakini wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, nikasikia ngazini kwata, kwata, kwata. Kwato! Nikatoka. Nikaona pembe, halafu ndevu, halafu Marcella mzima. Nyuma yake Mzee Kailemia na begi moja, anahema.

"Muga," akasalimia, akakaa kwa ngazi ya juu.

"Mzee! Si uko Nairobi?" Anti akasema.

"Nairobi nimekaa siku tisa." Akafuta jasho. "Kijana wangu analipa kodi ya kununua ng'ombe kila mwezi, na ile nyumba, ukifungua friji lazima kwanza ufunge mlango wa choo. Mimi nalala kwa kiti, wajukuu wananiruka wakienda shule. Nikarudi. Nimetafuta nyumba Makutano, nimetafuta Kaaga. Wanaangalia Marcella, wanafunga geti." Akavuta kamba ya mbuzi karibu. "Ntinyari, nimesikia uko na vyumba viwili."

Sasa mimi nikajua, maana kile cha pili ni changu. Ndio mara ya kwanza maishani niko na dirisha la mlima.

Anti akanigeukia. "Mwenye chumba ndiye huyu. Mimi siingilii."

Mzee akaniangalia. Huyu ndiye aliniambia hii si harusi. Huyu ndiye alitupa siku tano. Na alikuwa mzee, viatu vimejaa matope, ameshika kamba ya mbuzi na mikono yote miwili.

Nikatoa simu. Nikatafuta picha moja, nikasimama kama karani nikasoma: "Hakuna kelele baada ya saa tatu. Hakuna wageni wa kulala. Maji ni Jumatatu na Alhamisi. Hakuna kufuga mnyama."

Anti akageuka akaangalia mlima ili asionekane uso. Mzee akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutetemeka nikaogopa nimemliza, kumbe anacheka, anacheka mpaka kofia ikaanguka kwa barabara.

"Huyu si mnyama," akasema akipata pumzi.

"Najua. Huyo ni Marcella," nikamwambia. "Ingia, Mzee. Lakini maji hapa ni kila siku, utazoea tu."

Nilihama nikalala na Anti, na Anti anakoroma kama lori ya mawe. Marcella amefungwa kwa chuma cha pembeni, anakula maganda ya viazi na anaangalia trafiki, na Amino amepiga hesabu akasema maziwa ya chai yasinunuliwe tena. Mzee anatoa kodi ya hewa yake kwa wakati. Jioni anakaa nje anasoma ule ukuta, na juzi nilimkuta amesimama mbele ya lile tangazo la elfu tatu muda mrefu. Akaniambia zile flati zikiisha atawaambia vijana wake kitu kuhusu bei. Kama watamskiza, sijui.

Niliposti yote. Nusu ya watu kwa komenti wameniita mjinga, ati ningemwacha alale na trekta yake. Nusu wananiombea baraka. Mmoja anauliza mbuzi anauzwa pesa ngapi. Mimi bado usiku Anti akikoroma nawaza kile chumba changu, na dirisha langu.

Sasa wewe niambie ukweli. Mzee amesimama kwa ngazi na begi na Marcella, na chumba ni chako. Ungefanya nini?